Frieren: wanasema inakwenda polepole

Jumapili, usiku

Nimemaliza msimu wa kwanza wa Frieren, sehemu zote 28, na tangu hapo kichwa hakitaki kutoka humo. Niliikwepa muda mrefu. Kila aliyenisimulia alianza na "ni nzuri, ila inakwenda polepole," na mimi nikiambiwa hivyo huwa naelewa kwamba nitasinzia.

Kwa ambaye haijui: ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya studio ya Madhouse, iliyoongozwa na Keiichirō Saitō, ikarushwa Japani kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024. Imetokana na manga, hadithi ya picha ya Kijapani, iliyoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe. Hadithi inaanzia pale ambapo nyingine zote zingekuwa zimeshaisha. Mfalme wa Mapepo ameshauawa. Mashujaa wanne wanarudi mjini baada ya safari ya miaka 10: Himmel mwenye upanga, kasisi Heiter ambaye mvinyo unampenda kuliko waumini wake, kibeti Eisen, na Frieren, mchawi wa kabila la maelfi, viumbe wanaoishi muda mrefu sana, aliyekwisha kuishi zaidi ya miaka 1,000. Usiku wanatazama mvua ya vimondo inayokuja mara moja kila miaka 50. Frieren anasema anapajua mahali pa kuitazama vizuri zaidi, atawapeleka safari ijayo. Anasema hivyo kama sisi tunavyosema tutaonana kesho, kisha anaaga na kwenda zake.

Anarudi baada ya miaka 50. Himmel, aliyekuwa kijana wa kujitazama kwenye kioo, sasa ni kizee mfupi mwenye kipara na ndevu nyeupe. Wanakwenda kutazama vimondo, wanarudi, na muda si mrefu Himmel anafariki. Mazikoni watu wananong'ona kwamba huyu mchawi hata huzuni hana. Hapo ndipo Frieren anapoanza kulia, maana ametembea na mtu miaka 10 na hamjui.

Yote hayo yamo ndani ya sehemu ya kwanza, ambayo haifiki hata nusu saa. Miaka 50 imepita huku chai yangu haijapoa. Sasa hapo nani anakwenda polepole?

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Frieren haikawii kwenye muda, inakawia kwenye vitu. Mwaka mzima inaurusha kwa sekunde chache, halafu inakaa dakika tatu kumwangalia mtu akikunja nguo. Kuna sehemu Frieren, akiwa safarini na mwanafunzi wake Fern, wanataka kupanda maua kuizunguka sanamu ya Himmel, na Frieren anang'ang'ania kutafuta ua la kwao Himmel ambalo watu wanaamini limeshatoweka. Anatafuta kwa miezi. Fern, binadamu ambaye miezi kwake ina uzito, anaanza kuogopa kwamba mwalimu atalitafuta miaka mingi. Hakuna adui wala pambano hapo, na mimi nilikuwa nimeinama mbele ya skrini nikisubiri kama mtu anayesubiri penalti.

Hata pale penye adui, kinachoamua ni muda. Pepo Qual alifungiwa ndani ya jiwe miaka 80 iliyopita kwa sababu uchawi wake wa kuua haukuwa na kinga, hata Himmel na wenzake hawakumweza. Kifungo kinafunguka, anaamka, anafyatua uchawi wake uleule. Fern, binti mdogo tu, anauzuia bila hata kushtuka. Katika miaka hiyo 80 binadamu waliuchambua uchawi wa Qual mpaka ukawa somo la kawaida la kila mchawi, kwa kushambulia na kwa kujikinga. Mzee wa watu amelala akiwa tishio la dunia, ameamka yeye ni somo la darasani. Ni mzaha mkatili, nami nilicheka, kisha nikamwonea huruma pepo.

Na kuna ile ya pete, sehemu ya 14. Zamani Himmel alimwambia Frieren achague pambo lolote dukani, amnunulie. Frieren akaokota pete moja bila kuifikiria. Pete ina nakshi ya ua ambalo maana yake ni upendo usiokwisha, lakini yeye hilo halijui. Himmel analijua. Anapiga goti na kumvisha kidoleni, mwanga wa jioni umewafunika wote wawili, na hakuna anayetamka neno la mapenzi, si wakati ule wala baadaye. Niliirudia mara kadhaa, bando likaniishia, na sijuti.

Mdogo wangu aliacha kutazama mapema sana. "Dada, hii katuni ni ya wastaafu," akasema, akarudi kwenye mpira. Alirudi siku ya vita na pepo Aura, akashangilia, akaondoka tena.

Lakini sitaki kuandika kama shabiki aliyepofuka. Kuanzia sehemu ya 18 hadi mwisho ni mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, na hapo nilichoka kweli. Ndipo penye mapambano mengi, ndipo wapenda vita waliposema "sasa imechangamka," nami ndipo nilipoanza kutazama saa. Watahiniwa wanaingia kama abiria wa daladala ya jioni: Übel, Land, Wirbel, Kanne, Lawine, Denken, na bado hujamaliza. Wanapangwa watatu watatu, wanakimbizana kumkamata ndege, wanaingia kwenye pango la kaburi la mfalme kupigana na nakala zao wenyewe. Ni vizuri kwa macho. Pambano la Frieren na nakala yake ni kazi ya mafundi, sibishi. Ila hadithi iliyokuwa inaruka miaka 50 kwa mara moja sasa inatumia sehemu 11 kwa kipindi kifupi, na kipindi hicho kinafanana na mashindano ya anime nyingine nyingi. Stark, msafiri mwenzao Frieren na Fern, kijana mwoga mwenye shoka niliyekuwa nimeshampenda, karibu anapotea kabisa.

Aliyeniokoa humo ni mzee Denken. Nguvu za uchawi zimemwishia, wenzake wanadhani mchezo umekwisha, naye anakunja ngumi na kwenda kupigana kwa mikono. Kwa umri ule! Huyo angepewa hadithi yake peke yake.

Jambo jingine ni Himmel mwenyewe. Marehemu kwa kawaida husifiwa, hilo naelewa, na yeye tunamwona kwa kumbukumbu za waliompenda. Hata hivyo, kila kijiji wanachofika, kumbe Himmel aliwahi kupita, akasaidia, akasema neno zuri, akaacha sanamu. Mtu akitaka kutenda wema anasema Himmel angefanya hivyo. Nilitamani mara moja tu akumbukwe akiwa amekosea kwa uchoyo au kwa hasira, siyo kwa huruma iliyozidi.

Kosa la huruma lipo, na linanipeleka kwenye kinachonikera zaidi. Katika kumbukumbu moja wanamkamata pepo mwenye sura ya mtoto wa kike. Anamwita mama yake, Himmel anashindwa kumuua, mkuu wa kijiji anamchukua kumlea. Baadaye mtoto huyo anamuua mkuu wa kijiji. Frieren anamuuliza kwa nini alikuwa akimwita mama, naye anajibu kwamba neno hilo huwafanya binadamu wasimuue. Tukio limetengenezwa kwa ustadi, nywele zilinisimama. Lakini hadithi nzima inamfundisha Frieren kwamba ni hasara kuishi na viumbe wengine bila kujisumbua kuwajua, kisha inaweka kabila zima la viumbe wenye sura, majina na lugha, na kutuambia kwamba hawa msijisumbue nao, kila neno lao ni mtego. Mapepo yangekuwa majoka yasiyosema nisingelalamika. Yakishasema, mimi nataka kuyasikiliza, na msimu huu haukunipa nafasi.

Muziki wa anime hii, uliotungwa na Evan Call, sitausema sana. Nauweka jikoni nikipika.

Msimu wa pili ulianza kurushwa Januari 2026, nami nitautazama wikendi zangu. Nataka warudi barabarani, watatu tu, wapitie vijiji wakitafuta vitabu vya uchawi usio na faida, kama ule wa kugeuza zabibu tamu kuwa chachu. Mdogo wangu ameshanionya nisimwite mpaka mtu akatwe kichwa.