Nilivyoendesha mtoano wa jiwe, karatasi, mkasi kwa WhatsApp: watu 23, siku 5

Kila niliyemwomba ushauri aliniambia lilelile: waite wote kwenye simu ya video, hesabu moja mbili tatu, waonyeshe mikono. Ushauri mbovu. Wachezaji walikuwa Kampala, Arua, Mbale, Jinja na Gulu, na mtandao wa mmoja haulingani na wa mwenzake. Anayecheleweshwa sekunde 2 anauona mkono wa mpinzani kabla hajatoa wake.

Kibaya zaidi ni kuwachezesha wote kwa pamoja. Nilijaribu, na hakuna aliyetoka. Mtu hutoka pale tu kundi zima linapotoa maumbo mawili, mfano jiwe na mkasi: jiwe linavunja mkasi, wenye mkasi wanatoka. Likitokea moja tu, au yote matatu, ni sare. Wachezaji wakiwa 10, raundi 18 hivi kati ya 19 ni sare. Wakiwa 23, kwa wastani mtarudia zaidi ya mara 3,700 kabla mtu mmoja hajatolewa! Basi ni wawili wawili, hakuna njia nyingine.

Kilichoniokoa ni safu ya herufi. Kila mchezaji anamtumia mwamuzi, faraghani, herufi 7 kwa mpigo: J, K au M. Anatuma muda wowote mtandao ukiwepo, mwisho saa tatu kamili usiku. Mwamuzi anazipanga safu mbili juu na chini, anasoma kutoka kushoto, na wa kwanza kufika pointi 2 anapita. Tazama:

Arua: J K M J K M J
Mbale: J M K J J K M

Ya kwanza sare. Ya pili mkasi unakata karatasi, Mbale 1. Ya tatu Arua anasawazisha. Ya nne sare. Ya tano karatasi inafunika jiwe, Arua amepita, zilizobaki hazisomwi.

Kwa nini 7? Nilianza na 5, na kwa herufi 5 pambano moja kati ya 8 hivi linaisha hakuna aliyefika pointi 2. Kwa 7 ni chini ya 3 kati ya 100. Likitokea, mwenye 1 dhidi ya 0 anapita; wakilingana, watume safu mpya kabla ya saa nne.

Sasa udanganyifu. WhatsApp humruhusu mtu kuhariri ujumbe kwa dakika 15. Kwa hiyo ujumbe wenye alama ya kuhaririwa haufai, hata kama alirekebisha herufi moja tu. Atume mwingine kabla ya saa tatu. Na mimi natoa matokeo saa tatu na dakika 20, si mapema, kwa picha za skrini za safu zote mbili zikiwa pamoja, saa za kutumwa zikionekana. Tangu hapo hakuna aliyesema mwamuzi ana mtu wake. Mwamuzi asicheze, hilo halina mjadala.

Watu 23 hawagawanyiki vizuri. Tafuta namba inayofuata kati ya 8, 16, 32: hapa ni 32. Toa 23, wanabaki 9, hao wanapita raundi ya kwanza bila kupingwa. 14 wanacheza, 7 wanashinda, jumla 16, na kuanzia hapo ni nusu kwa nusu. Kura piga kwa vikaratasi ndani ya kikombe na urekodi video, la sivyo wale 9 watasemwa.

Aliyechelewa ametoka. Wakichelewa wote wawili wametoka wote, na aliyekuwa akiwasubiri anapita.

Kiingilio sikuchukua: ukikusanya dau umeingia kwenye kamari, na Uganda kamari ina leseni yake. Zawadi ilikuwa muda wa maongezi, elfu ishirini na kitu, nikaongeza za data yangu.

Fainali niliipandisha hadi pointi 3, kwa safu ya herufi 12.