Tiara tatu za likizo ya Juni: kumbukumbu ya mradi

Kazi: tiara tatu, moja ya mtoto wa miaka mitano, moja ya wa minane, moja ya wa kumi na mmoja. Msimu: kipupwe, masika imekwisha na upepo wa kusi umeshika njia yake. Mahali: ufukwe wa Kigamboni, Dar es Salaam. Sharti ni moja, na ndilo limeamua kila kipimo hapa chini: kila mtoto arushe tiara yake kwa mkono wake, bila mkubwa kumshikia uzi.

Vipimo kwanza, karatasi baadaye

Watu wengi humtengenezea mtoto mdogo tiara kubwa kwa sababu kubwa hupanda kwa urahisi. Hupanda kweli, ila huvuta. Eneo la tiara ya umbo la almasi ni nusu ya urefu mara upana. Yenye uti wa sentimita 40 na mabawa ya sentimita 40 ina sentimita za mraba 800. Ya 60 kwa 60 ina 1,800. Ya 80 kwa 80 ina 3,200. Yaani urefu ukiongezeka mara mbili tu, mvuto mkononi unakuwa mara nne. Na upepo ukiongeza kasi mara mbili, mvuto huongezeka mara nne nyingine. Mtoto wa miaka mitano akikabidhiwa ya 80 ataiachia, au atakimbizwa nayo kuelekea majini.

Kanuni tuliyoifuata: uti usizidi kimo cha kuanzia ardhini hadi nyonga ya mtoto. Msimamishe mtoto bila viatu, weka alama kwenye fimbo, kisha kata uti mfupi kidogo kuliko alama hiyo. Fimbo hiyo usiitupe, mwakani itahitajika. Vipimo vikatoka 40, 60 na 80.

Chelewa

Vijiti vyote ni chelewa za mnazi. Chukua kuti lililokomaa na kuchana makuti ya katikati, maana ya kwenye ncha na ya kwenye shina ni mafupi. Kwangua majani kwa kisu kutoka upande mnene kwenda upande mwembamba. Ukienda kinyume, kisu kinang'ang'ania na kuchimba kijiti. Zifunge kitita kilichonyooka, ziweke kivulini siku mbili tatu. Chelewa mbichi ikigandishwa kwenye karatasi hujipinda inapokauka na kuvuta tiara nzima upande mmoja. Chelewa za fagio kuukuu nazo hazifai, zinavunjika ukizipinda.

Jambo linaloharibu tiara nyingi liko hapa: chelewa ni nene chini na nyembamba juu. Ukitumia moja peke yake kwa mabawa, bawa moja linakuwa zito na lingine jepesi. Dawa yake ni kuunganisha mbili kwa kuzigeuza, shina la moja likae na ncha ya nyingine. Tiara ya 40 imetumia mbili kwa uti na mbili kwa mabawa. Ya 60 vivyo hivyo, ila uti una tatu. Ya 80 ina nne kwa uti na nne kwa mabawa, zimefungwa kwa uzi kila baada ya sentimita 10. Ncha nyembamba zinazolegea kama uzi zikatwe, hazina kazi.

Mabawa yanakatiza uti kwa robo kutoka juu. Kwa uti wa 60, ni sentimita 15 kutoka kichwani. Funga kwa uzi wa msalaba, kisha tone la gundi juu ya fundo. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne ukipita kwenye vijipasuo vidogo. Uzi huo ukazwe hadi utoe mlio ukiugusa, lakini usikunje vijiti.

Mgawo wa kazi: wa miaka mitano anachana karatasi za mkia na kupaka gundi. Wa minane anapima kwa rula na kufunga mafundo. Kisu ni cha wa kumi na mmoja, amekaa, mkubwa akiwa pembeni.

Gundi na karatasi

Zamani vijana wa mjini walitumia mfuko wa rambo. Tanzania Bara mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Agosti 28, 2017. Gazeti linatosha, mradi lisiwe limelowa wala kukunjwakunjwa.

Gundi: vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo kwa kikombe kimoja cha maji. Koroga unga kwanza na maji baridi kidogo, mabonge yaishe, ndipo uongeze maji yaliyobaki na kubandika jikoni kwa moto mdogo. Koroga bila kuacha. Ikiacha kuwa nyeupe na kuanza kung'aa, imeiva. Muhogo unanata kuliko ngano na haukauki kwa madoa. Kwa joto la pwani gundi hii huchacha baada ya siku mbili. Matone mawili ya mafuta ya karafuu huichelewesha, na mende wanaiogopa kidogo.

Paka nyembamba. Gundi nyingi hukunja gazeti na kuongeza uzito mahali pasipotakiwa. Acha pindo la sentimita 2 kuzunguka uzi wa fremu, likunje juu ya uzi, bonyeza. Ya 80 imehitaji karatasi nne. Mahali pa kuunganisha zipandane sentimita 1 tu, na mshono upite juu ya uti, usiwe kwenye bawa moja.

Kabla ya kuendelea, shika tiara kwa vidole viwili, kimoja kichwani na kimoja mkiani. Bawa zito litashuka. Bandika kipande cha gazeti kwenye bawa jepesi mpaka tiara ilale sawa. Kazi ya dakika tano hiyo, na inaokoa alasiri nzima.

Hatamu na mkia

Hatamu ni uzi mmoja kutoka karibu na kichwa hadi karibu na mwisho wa uti, mrefu kuliko uti kwa nusu hivi. Fundo la kufungia uzi wa kurushia lipatikane hivi: laza tiara, vuta hatamu pembeni, fundo liguse ncha ya bawa. Hapo ndipo pa kuanzia tu. Funga fundo linaloteleza ili liweze kusogezwa.

Mkia haufanyi kazi kwa uzito. Unafanya kazi kwa kukokota hewa. Kwa hiyo vipande vya kanga kuukuu vilivyofungwa pamoja kuwa furushi zito mwishoni havisaidii kama uzi mrefu wenye vipepeo vya karatasi kila sentimita 20. Urefu ni mara sita ya uti: mita 2.4 kwa ya 40, mita 3.6 kwa ya 60. Ya 80 imepewa upinde badala ya mkia mrefu: uzi umefungwa nyuma kati ya ncha za mabawa na kukazwa hadi kitovu cha upinde kisimame sentimita 8. Ikiwa na upinde inajisawazisha yenyewe, mkia wa mita 2.4 unatosha.

Uzi

Mshipi wa kuvulia hapana. Unakata vidole, na mtoto hauoni ukiwa ardhini. Uzi wa pamba ulioviringwa maradufu kwa mdogo, mita 20. Wa kati, pamba nene, mita 30. Mkubwa, nailoni ya kusokota, mita 60. Weka alama ya wino kila mita 10, mtoto ahesabu mwenyewe alipofika. Zungushia kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita, na izungushwe chupa. Mtoto anayezungusha uzi kuzunguka chupa anausokota mpaka unakatika.

Siku ya kwanza ya kurusha

Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kutoka kwa wingi, na hilo lilikuwa kosa la kupanga. Upepo mzuri wa kusi uko alasiri, lakini siku za bamvua pwani hii bahari hujaa karibu saa kumi alasiri, na ufukwe unabaki ukanda mwembamba wa mchanga laini chini ya mivinje. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kutoka kidogo, mambo hugeuka: alasiri maji yametoka, mchanga ni mgumu na upana unatosha kurudi nyuma. Tukahamia uwanja wa mpira.

Ya 40 ilizunguka kama feni. Chelewa za mabawa zilikuwa hazikugeuzwa, mashina yote mawili upande wa kushoto. Kipande cha gazeti cha kusawazisha hakikutosha. Mabawa yalifunguliwa na kufungwa upya.

Ya 60 ilivuta ila haikupanda, ikabaki chini imeegemea upepo. Fundo la hatamu lilikuwa chini mno. Kusogeza juu sentimita 1 kukatosha. Ikipanda hadi utosini halafu ikalegea na kudondoka, fundo limekwenda juu mno. Rudisha nusu sentimita.

Ya 80 ilivunjika kwenye msalaba. Vumbi la uwanja lilikuwa linainuka, na hapo upepo umezidi kwa karatasi. Kipimo cha macho: majani na vitawi vikitikisika bila kukoma, rusha. Vumbi na karatasi zikiruka, subiri.

Siku ya pili, maji mafu

Zote tatu juu, hata ya 80 baada ya kutengenezwa. Mdogo alifika alama ya pili, mita 20, peke yake. Mtoto hahitaji kukimbia: mwenzake asimame mita 15 upande upepo unakokwenda, ainue tiara juu ya kichwa, aachie bila kurusha, na mwenye uzi avute mikono miwili. Kukimbia kunamfanya ageuze mgongo, na hapo ndipo wanapojikwaa.

Nyaya za umeme: mbali kabisa. Tiara ikinasa kwenye waya, uzi unaachiwa na tiara inasahaulika, hakuna kupanda nguzo wala kuchokoa kwa mti. Watoto walirudia sharti hilo kwa mdomo kabla ya kuondoka nyumbani.

Kilichobaki

Karatasi ya 40 imechoka kwenye pindo, ibandikwe upya. Fremu zimening'inizwa chini ya paa, mbali na ukuta wenye unyevu. Desemba, kaskazi ikianza, upepo utatoka upande mwingine na mivinje haitakuwa njiani. Fimbo ya vipimo iko nyuma ya mlango. Nyonga ya wa miaka minane bado haijafika alama ya 80; ikifika, fremu ya 60 itamngoja mdogo wake.