Tulivyowatuza mafundi wa ngoma yetu, Kisesa

Kundi letu la bugobogobo, ngoma ya Kisukuma inayochezwa kwa majembe, liliponipa kazi ya kuandaa tuzo za watunza utamaduni, majina yalikuwa yameshatajwa kikaoni: manju (mtunzi na kiongozi wa nyimbo), kijana anayerusha jembe kuliko wote, na diwani. Diwani hakosekani kwenye orodha ya tuzo. Nikaomba nipewe muda.

Bujora, karibu na jiji la Mwanza, tunapakana nayo. Kila mtu hapa anamjua Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma na kanisa la mviringo lenye sura ya nyumba ya Kisukuma. Sawa, anastahili. Lakini ngoma tunazopiga sisi kila Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, ikifika Juni, nani alizichonga? Nilipouliza, vijana wakatazamana.

Basi nikaingia stoo na daftari. Kila ngoma, kila njuga, kila mkufu wa shanga nikaupiga picha kwa simu, kisha nikazunguka kwa wazee. Wakabishana, na ubishi ndio ulionisaidia: ngoma kubwa ilikuwa na mafundi wawili, mmoja kachonga mzinga, mwingine kawamba ngozi. Mama mmoja wa Kisesa alikuwa ameshona karibu mavazi yote ya shanga, na hakuwahi hata kualikwa kwenye onyesho.

Kuhusu waamuzi sikutaka kamati. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, tangu zamani wanashindana wakicheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nikafanya hivyo hivyo: mafundi wakasimama uwanjani na kazi zao, kila mmoja na ungo mbele yake, watu wakamtunza wanayemtaka. Mama wa shanga ungo wake ulifurika. Diwani alitoa noti mbele za watu, akapigiwa vigelegele, akaridhika.

Fedha za kundi, zile za kucheza harusini, tulinunulia ngozi za ng'ombe na shanga. Vyeti pia vilikuwepo. Mzee anayewamba alikitazama chake akaniambia, “Mjukuu wangu, hiki nitakitundika. Ila hiyo ngozi iwekeni kivulini, isikauke vibaya.”

Siku hizi ngoma mpya haiingii stoo kabla jina la aliyeichonga, la aliyeiwamba na la kijiji chao hayajaandikwa daftarini. Kilichobaki ni nyimbo. Wimbo mmoja unadaiwa na manju wawili, kila mmoja ana mashahidi wake, na kikao cha kuwasikiliza tumekipanga baada ya mavuno ya pamba.