Sakafu ya Aquileia

Mimi ni fundi wa marumaru, kwa hiyo nikiingia kanisani macho huanza na chini. Kwenye basilika ya Aquileia, kaskazini-mashariki mwa Italia, ndivyo inavyotakiwa, maana utajiri wote uko miguuni. Ni mozaiki, picha za vijiwe vilivyopangwa, ya mita za mraba kama 760, iliyowekwa enzi za Askofu Theodorus, mwanzoni mwa karne ya 4, Wakristo wakiwa ndiyo kwanza wameruhusiwa kusali hadharani mwaka 313.

Wageni hupita juu ya njia ya vioo. Ukitia pima maji hapa utalia: sakafu imekaa mawimbi mawimbi, huku imebonyea, kule imeinuka. Lakini vijiwe vimeshikana. Kuna kazi nimeziona zikibanduka kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa.

Mimi nilikwama kwenye bahari, upande wa mashariki, iliyotandazwa kutoka ukuta huu hadi ule. Maji ni vijiwe vyeupe, na wimbi ni vistari vifupi vyeusi, basi. Fundi hakuhangaika na buluu. Humo mna samaki tele, mabata, na pweza aliyejitanua kama katupwa sasa hivi kwenye meza ya mnada wa samaki Tanga. Watoto wenye mabawa wanavua, huyu kwa mshipi, wale kwa wavu. Katikati ya uvuvi huo, Yona anatupwa kutoka chomboni hadi kinywani mwa mnyama. Usitafute nyangumi, ni joka lenye mkia uliojiviringa. Mbele kidogo anatapikwa, kisha yuko uchi chini ya kichanja cha mamumunye, kajilaza mkono kichwani, hana habari na Ninawi, mji aliotumwa kuuonya.

Katika bahari hiyohiyo kuna duara lenye maandishi ya kumsifu Theodorus na alama ya Kristo juu yake. Mwaka 427 Kaisari Theodosius II alipiga marufuku alama ya Kristo kuchorwa sakafuni, isije ikakanyagwa. Mafundi hawa walikuwa wameshamaliza kazi zamani.

Pia kuna jogoo anayepigana na kobe. Wenyewe husema ni nuru dhidi ya giza. Sawa, lakini aliyemtengeneza yule jogoo alikuwa amewahi kukaa kwenye mashindano ya kuku, hilo siwezi kubishana.

Attila, mfalme wa Wahunni, aliuharibu mji mwaka 452. Karne ya 11 Patriaki Poppo, askofu mkuu wa hapo, alijenga basilika upya, na sakafu mpya ikatandikwa juu ya hii. Haikuonekana tena hadi 1909, wakati huo Aquileia ikiwa ndani ya dola ya Austria-Hungaria. Kufunikwa ndiko kulikoiokoa.

Ila ukumbi wa pili wa Theodorus, ule wa kaskazini, haukuwa na bahati hiyo. Poppo alijenga mnara wa kengele, mita 73, na msingi wake umekita katikati ya mozaiki. Ukishuka chini, walikochimba wanaakiolojia, utauona: ukuta mnene, na picha zimekatwa pande zote. Ningekuwa msimamizi ningeusogeza mnara ule hatua chache. Kiwanja kilikuwepo.