Siku moja maishani mwangu: kuongoza wageni Rungwe

Hapa Tukuyu wapo wanaoniona nikipita na wageni wakasema, "Huyu dada analipwa kwa kutembea tu." Basi nawaandikia Jumamosi ya juzi ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri. Mvua imenyesha usiku kucha. Tukuyu mvua si habari, ila mimi nikiisikia batini huwa nawaza njia ya kwenda Ziwa Ngosi tu: utelezi. Chai, ndizi za kuchemsha, buti, kamba, koti la mvua.

Saa 1:30 niko njiapanda, kama tulivyokubaliana. Wageni wamefika saa 3:15. Wanne, kutoka Dar, na Noah ya kukodi. Hakuna aliyetaja kuchelewa. Watatu wana raba nzuri, wa nne kavaa viatu vya kitambaa vyenye soli laini kabisa. Nikamwambia kijijini kuna buti za kuazima. Akakataa.

Kabla ya kupanda niliwasimamisha penye ukingo uliokatwa barabarani, niwaonyeshe tabaka la mawe mepesi yenye vitundu. Ukilitupa moja majini linaelea. Mlima Rungwe uliyatapika kwenye mlipuko mkubwa, miaka kama 4,000 iliyopita. Dada mmoja aliliweka kiganjani akabaki analigeuza tu. Wageni wa namna hiyo hunipa nguvu.

Saa 4 tukaingia msituni. Mianzi, migomba pori, tope, halafu mwinuko wa mwisho ambao unashika mizizi kwa mikono. Yule wa viatu laini nilimvuta karibu njia nzima.

Saa 6 tuko ukingoni. Ziwa Ngosi lote liko chini yetu, ndani ya kasoko, yaani shimo la volkano, kuta zimelizunguka pande zote, na hakuna mto unaoonekana ukitoka. Wazee wana habari zao za ziwa hili na mimi huzisimulia kwa heshima. Nilikuwa katikati ya kusimulia, yule kaka wa viatu laini akasema anataka kushuka akashike maji.

"Kaka, leo hapana. Udongo umelowa."

"Mbona mtandaoni nimeona watu wako kule chini?"

Nikamweleza: ukuta huu unashuka zaidi ya mita 200, umesimama wima, na udongo wake ni majivu ya volkano, ukilowa unameguka. Akasema amelipa. Nikamwambia kiingilio ni cha kuona, tena kurudi mzima. Akaanza kutafuta njia mwenyewe kwenye majani. Nikaenda nikasimama mbele yake, mgongo wangu upande wa ziwa. "Dada, wewe ni mama yangu?" Sikujibu wala sikusogea. Wenzake walikuwa wanapiga picha. Akanuna, akakaa, akasimama tena, akanizunguka kushoto, nami nikahamia kushoto. Miguu ilikuwa inanitetemeka kwa kuchoka, maana kusimama kwenye mteremko kunauma kuliko kupanda. Mwisho ukungu ukaja, ziwa likafunikwa lote, pakawa hakuna cha kushukia. Kuteremka kulichukua muda kuliko kupanda, na alianguka njiani, si mara moja. Kila mara nilimwinua.

Mchana sikumbuki saa. Tulikula wali maharage Kiwira, tukaenda Kijungu. Eneo ni la chuo cha magereza, kwa hiyo mnajiandikisha getini kwanza. Mto Kiwira wote unaingia kwenye shimo la mwamba, unazunguka kwa kishindo, unapotelea chini, unatokea mbele. Pale nashika watu mikono hata wakichukia. Daraja la Mungu tulilifikia jua limeshuka: lava iliyoganda ikavuka mto toka ng'ambo hii hadi ile, maji yanapita chini yake. Hapo wote walinyamaza, hata yeye. Naipenda sana kazi hii pale mtu anaposimama mbele ya jiwe la kwetu akakosa la kusema.

Kwenye malipo kaka akataka apunguziwe kwa sababu hakushika maji. Nilikataa. Wenzake wakalipa kamili, yule dada wa jiwe akaongeza kidogo. Kisha akauliza kuhusu Kimondo cha Mbozi: ni kweli ni chuma kitupu? Nikamwambia ni chuma na nikeli, kirefu kama mita 3, na kesho tukitoka mapema tutakiona. Tumekubaliana saa 12 asubuhi, wawili tu.