Naandika Kelele Zikishaisha

Mshahara wangu unatokana na vitu vipya. Simu ikizinduliwa, bei ya bando ikishuka, waziri akikata utepe kwenye mnara wa kijijini, mimi ndiye ninayetumwa. Naenda, nakula vitafunwa vyao, naandika, na keshokutwa gazeti linafungiwa maandazi. Sina ugomvi na kazi hiyo. Imelipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Ila shajara hii niliianza kwa sababu nyingine, na kwa kuwa vijana wanaotaka kuandika habari za teknolojia wameniuliza naiendeshaje, leo nijieleze.

Siandiki humu kuhusu kitu mpaka watu waache kukishangaa. Basi.

Chukua SEACOM, ule mkongo wa intaneti uliolazwa chini ya bahari. Julai 2009 ulipowashwa Dar es Salaam na Mombasa, waandishi wote tuliandika kasi. Kabla ya hapo intaneti yetu kwenda nje ilipanda hadi kwenye setilaiti, kilomita kama 36,000 juu, kisha ikashuka tena. Ndiyo maana ukimpigia ndugu aliye ng'ambo kwa mtandao mliingiliana maneno: wewe umeshauliza la pili, yeye bado anajibu la kwanza. Gazetini hiyo ilikuwa habari ya siku moja. Humu niliiandika baadaye sana, watu wenye ndugu Muscat na London walipokuwa wameshasahau kwamba waliwahi kungojeana zamu ya kusema kama polisi kwenye redio ya upepo.

Simu feki nazo hivyo hivyo. Zilizimwa Tanzania nzima usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na kwa miezi kadhaa kabla tulikuwa tukiwafundisha wasomaji kubonyeza *#06# na kusoma tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Sawa, ilikuwa huduma. Lakini habari yenyewe niliikuta Kariakoo baadaye, nimekaa kwenye kigoda pembeni ya fundi. Mama mmoja kaleta simu yake, anataka kujua itagharimu kiasi gani kuifufua.

"Mama, haijafa hii," fundi akamwambia. "Imefungiwa mtandao tu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kilichozuiwa ni ile IMEI kuingia kwenye mitandao. Tochi, redio, kamera na nyimbo vyote vilibaki. Watu wakakaa na daftari wakinakili majina yaliyohifadhiwa ndani, kisha simu zikagawiwa watoto. Nyingine zikawa redio za jikoni. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo kuna zilizopata kazi ya kuamsha watu kula daku. Hakuna mhariri angeniagiza niandike hilo, na simlaumu.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, kwetu mwaka 2008. Takwimu za miamala waachie wenye kampuni. Mimi ninachokifuatilia ni "tuma na ya kutolea". Sentensi fupi, lakini imeleta adabu nzima: mkwe akituma elfu hamsini kamili bila kuongeza makato ya wakala, atasemwa, tena na watu wasiokuwepo. Halafu kuna ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii". Uzuri wake (niruhusiwe kusema uzuri) ni kwamba tapeli hakujui hata kidogo. Anatuma kwa watu wengi tu, akijua kwamba miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye muda huo huo alikuwa anajiandaa kumlipa mwenye nyumba.

Mengine ni ya kawaida. Simu ya kupewa bure sisemi habari zake humu. Tarehe ya andiko haibadilishwi. Nikijua zaidi naongeza aya chini yake na tarehe mpya. Hata mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotaka blogu ziwe na leseni ya kulipia na wengi wa rika langu wakaacha, mimi niliendelea kuandika kwenye daftari la karatasi, kwa mtindo ule ule.

Sasa hivi ninalo andiko la Luku, umeme wetu wa kulipia kabla ya kutumia, ambalo limekataa kuisha. Zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita kila mtu anazijua, na namna mita inavyozipokea nimeshaieleza. Tatizo ni nyumba ya wapangaji wenye mita moja. Mashine inahesabu uniti, haihesabu nani kapiga pasi usiku. Nimezunguka nyumba kadhaa mtaani kwetu, na kila moja ina katiba yake: kwingine wanachanga sawa kwa sawa, kwingine kwa chumba, kwingine mwenye friji anaongeza, kwingine heta ya kuchemshia maji imepigwa marufuku na inatumika kwa siri alfajiri. Kuna nyumba moja namba za Luku zinaandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa uani pamoja na jina la aliyenunua, ili asitokee wa kusema hakuona zamu yake.

Nilitaka kulimaliza wiki hii. Lakini nyumba ninayoitegemea zaidi ina kikao Jumapili, mwenye friji bado hajakubali kuongeza, na mwenyekiti wa kikao ndiye mwenye pasi.