Mtini wa Mwanza: kuulaza kiangazi, kuuamsha kabla ya vuli

Maelekezo mengi ya mtini yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wanaopambana na barafu. Funga matawi pamoja, zungushia magunia, rundika majani makavu shinani, fungua baridi ikiisha. Kwao ni sahihi kabisa. Ukiyafanya hayo Nyegezi au Bwiru, hapa Mwanza, utauozesha mti ukiwa mzima, kwa sababu usiku wa Julai hapa huwa karibu nyuzi 15 au 16 za Sentigredi, wakati mtini mkubwa uliolala, yaani uliopukutisha majani na kuacha kukua kwa muda, huvumilia hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri.

Shida yetu ni kinyume chake. Mti wetu haulali. Unachipua kidogo, unazaa tunda moja moja, na mzigo mkubwa unaiva Aprili, katikati ya masika. Tini zinazoiva kwenye mvua hupasuka, huchacha mtini na kujaa sisimizi. Kwa hiyo mti lazima ulazwe kwa mkono, na tarehe ya kuuamsha ndiyo inayoamua utakula au utaokota.

Anza masika yanapokatika, mwishoni mwa Mei au Juni. Punguza maji polepole. Mti wa miaka mitatu ulioko ardhini kwenye mchanga wa vilimani, ule tunaouita luseni, upewe ndoo moja ya lita 20 kila baada ya wiki mbili, basi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga usiupe kabisa mpaka Agosti. Majani yataanza kuwa njano kuanzia chini. Aina nyingine hazipukutishi majani yote hapa kwetu, na hilo si ugonjwa. Ulioko kwenye pipa au ndoo usiuache ukauke kabisa, maana mizizi yake haina pa kukimbilia: lita mbili kwa wiki zinatosha.

Tofautisha usingizi na maradhi. Mti uliopukutisha majani Aprili, yakiwa na unga wa rangi ya kahawia upande wa chini, haujalala. Huo una ugonjwa wa kutu. Okota majani yote uyachome, punguza matawi yanayobanana ili upepo wa ziwani upite, na msimu unaofuata nyunyiza dawa ya kopa (shaba) mapema, kabla madoa hayajaonekana. Usiuwekee mbolea wakati huo ukidhani una njaa.

Wiki ya mwisho ya Agosti ndiyo ya kupogoa. Sababu ya kuichagua ni hesabu. Macho huchipua wiki mbili hadi tatu baada ya kukatwa na kunyweshwa, tini huanza kuonekana kwenye makwapa ya majani mapya Oktoba, na kutoka hapo hadi kuiva ni takribani miezi mitatu, kulingana na aina. Zinaiva mwishoni mwa Januari na Februari, kwenye kile kipindi kikavu kati ya vuli na masika. Ukichelewa hadi Novemba unairudisha kazi yote kwenye mvua.

Acha matawi makuu matatu mpaka matano, yaliyotawanyika. Kwenye kila tawi la mwaka jana bakiza vifundo viwili au vitatu, yaani pale macho yanapotokea, ukate sentimita moja juu ya jicho linalotazama nje. Usiogope kukata sana. Zao kubwa la mtini linakuja kwenye chipukizi jipya, na mti usiokatwa unapeleka matunda juu kwa ndege. Mkasi upanguse kwa spiriti unapohama mti. Majani yaliyobaki yakwanyue kwa mkono, ukiwa umevaa glavu na mikono mirefu: yale maziwa yakigusa ngozi kisha jua likapiga, yanaunguza na kuacha malengelenge.

Tawi ambalo huna hakika kama li hai, likwaruze kwa ukucha. Chini ya gome kukiwa kijani, liache. Kukiwa kahawia na kavu, likate ukishuka sentimita chache chache mpaka ukute kijani na maziwa yatoke.

Hapa ndipo wengi wanapoupoteza mti. Ukishauvua majani, gome lililozoea kivuli linakutana na jua la Septemba ambalo hapa linapita karibu na utosi. Upande wa juu wa matawi ya mlalo unaungua, gome linapasuka, na bungua anaingia humo. Chukua rangi nyeupe ya maji ya kupakia ndani ya nyumba, changanya nusu kwa nusu na maji, paka shina na migongo ya matawi siku hiyo hiyo ya kupogoa. Usitumie rangi ya mafuta.

Kisha uamshe. Ndoo mbili kwa mkupuo, halafu ndoo moja kila siku tano hadi saba mpaka vuli ikolee. Tandaza ndoo moja au mbili za samadi ya ng'ombe iliyooza, kuanzia sentimita 30 kutoka shinani hadi ukingo wa kivuli chake cha zamani. Usichimbe, mizizi ya mtini iko juu juu. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi itakupa majani mapana na tini chache. Juu ya samadi weka matandazo ya sentimita 10: pumba za mpunga, au gugumaji lililokwisha kuozeshwa kwenye lundo, lakini si lile la kwenye midomo ya mitaro ya mji. Yaache mbali na shina kiganja kizima, vinginevyo mchwa watapanda. Chipukizi zikifika urefu wa kidole, chagua mbili zenye nguvu kwa kila tawi, nyingine ng'oa.

Mti ukigoma kuamka ilhali gome ni kijani, fukua mizizi michache. Ukiona vinundu, hiyo ni minyoo fundo, adui mkubwa wa mtini kwenye mchanga wetu, na akishaingia hatoki. Samadi nyingi na maji ya mara kwa mara yatausaidia uishi naye. Mche mpya usiupande palipokuwa na nyanya au bamia. Kama eneo lote ni hilo, panda kwenye nusu pipa lililotobolewa chini na kuinuliwa juu ya matofali.

Na kama unanunua mche sasa, uliza aina. Brown Turkey, Black Mission na Kadota hujizalia bila kuchavushwa. Aina ya Smyrna inahitaji kijinyigu maalumu, na nyigu wa mikuyu yetu ya ufukweni hawaifanyi kazi hiyo, kwa hiyo tini zake hukua hadi ukubwa wa gololi zikaanguka.

Wenye mashamba Njombe au Makete, kwenu umande huganda Juni na Julai. Hapo rundika majani makavu juu ya mizizi, funika miche michanga kwa gunia linalopitisha hewa, kamwe si nailoni iliyogusa matawi, na msipogoe mpaka hatari ya kuganda iishe.

Januari vika tini mifuko ya chandarua, ndege kuzumburu na popo hawasubiri. Maji yawe ya kipimo kile kile kila wiki, kwa kuwa ukame kisha mafuriko ndio unaopasua tini. Vuna shingo ya tunda ikilegea na kuinama, tunda likibonyea. Tini iliyochumwa mbichi haiivii ndani.